Kiuno cha 0.7, miaka 30 na mipasho: sayansi imesema nini hasa?

Marahaba mdogo wangu, na pole sana kwa yaliyokukuta. Nautaja ujumbe wako kwa kifupi ili na wengine wanaosoma wafuatilie: una miaka 31, uko Dodoma, mchumba wako wa muda mrefu kakuacha na juzi juzi kaoa binti wa miaka 23, halafu kuna mtu kakurushia klipu ya jamaa anayesema kwa kujiamini kabisa kwamba "sayansi ya evolusheni imethibitisha" (yaani ya jinsi viumbe wanavyobadilika kizazi hadi kizazi) mambo matatu, kwamba mwanaume popote duniani kaumbwa kumtaka mwanamke mwenye kiuno cha 0.7 (kiuno kikigawanywa kwa nyonga), kwamba mwanamke akivuka 30 hana soko tena, na kwamba wanawake kwa asili yao ni maadui. Unauliza kuna ukweli kiasi gani hapo, maana umeshaanza kuulizia vidonge vya kuongeza hips, na mwishoni ukauliza kama kuna ubaya ukiendelea kumrushia yule binti vijembe kwenye status.

Mimi ndo kazi yangu hii, kufundisha na kutafiti tabia za wanyama na binadamu, na klipu za namna hiyo zinaniuma kweli, kwa sababu zinachukua utafiti halali zinaukata kichwa na mkia, halafu kipande kilichobaki anapigwa nacho mtu kama wewe ambaye tayari moyo umechubuka.

Vidonge kwanza, hilo haliwezi kusubiri. Vile vinavyouzwa mtaani bila boksi wala maelezo vinaweza kuwa na deksamethasoni, ambayo ni steroidi, na siproheptadini, ambayo ni dawa ya mzio inayoleta njaa kali na usingizi. Utanenepa ndio, ila mafuta yanayoletwa na steroidi hayaendi kwenye hips, yanakwenda usoni, tumboni na sehemu ya juu ya mgongo, mikono na miguu inakonda, na huku ndani sukari inapanda, presha inapanda, mifupa inapungua nguvu. Na kama umeshaanza kuvimeza kwa wiki kadhaa usiviache ghafla kwa hasira baada ya kusoma hapa, maana mwili unakuwa umeacha kutengeneza homoni yake wenyewe na ukikatisha tu unaweza kuanguka. Nenda hospitali na hivyo vidonge mkononi, daktari atakupunguzia pole pole.

Sasa turudi kwa huyo jamaa. Mzizi wa haya yote ni Charles Darwin, kwenye kitabu chake cha mwaka 1871 kuhusu asili ya binadamu alieleza kwamba kuna sifa za viumbe ambazo hazimsaidii mwenye nazo kuishi, zinamsaidia kupata mwenza tu, kama mkia wa tausi dume ambao ni mzigo kabisa lakini majike wanaupenda. Mwaka 1972 Robert Trivers akaongeza kitu ambacho ndo ufunguo wa swali lako: anayebeba gharama kubwa ya kulea ndo anakuwa mchaguzi, na yule asiyebeba ndo anagombania. Tausi dume halei, kwa hiyo yeye ndo anajipamba. Ila angalia yule ndege mwenye vidole virefu anayetembea juu ya majani ya yungiyungi pale Ziwa Victoria na Naivasha, kwake mambo yamegeuka, dume ndo anaatamia mayai na kutunza vifaranga, na jike ni mkubwa kuliko dume, anakuwa na madume kadhaa kwa wakati mmoja na anapigana na majike wenzake kulinda eneo lake. Kwa hiyo hakuna sheria ya maumbile inayosema jike lazima ajipambe au dume lazima agombanie, inategemea nani anabeba mzigo gani.

Binadamu ni kiumbe wa ajabu kidogo hapo, kwa sababu mtoto wetu anachukua miaka mingi sana kujitegemea na baba mara nyingi anachangia, tofauti na mamalia wengi ambao baba akishapanda kaondoka. Ndo maana kwetu pande zote mbili zinachagua na pande zote mbili zinagombania. Mwanamke anajipamba na kushindana, mwanaume naye vile vile, gari, saa, kifua cha jimu. Hapo klipu haikukosea, ushindani upo na uzuri una maana. Imekosea kwenye kila kilichofuata.

Tuchukue hiyo 0.7. Ni mzunguko wa kiuno ukigawanywa kwa mzunguko wa nyonga, yaani mwenye kiuno cha sentimita 70 na nyonga 100 ana 0.7. Aliyeipa umaarufu ni Devendra Singh, mtafiti wa Texas, mwaka 1993. Alipima vipimo vya washindi wa Miss America na wanawake wa jarida la Playboy, halafu akaonyesha watu michoro ya wanawake wa maumbo tofauti, na wengi wakaipenda 0.7. Maelezo yake yalikuwa na mantiki, homoni ya estrojeni inapeleka mafuta kwenye nyonga na mapaja, na kiuno kinabadilika kwa ujauzito, kwa umri na kwa baadhi ya magonjwa, kwa hiyo umbo linabeba taarifa fulani kuhusu afya na uzazi. Sawa. Lakini waliopima ni kina nani? Wamarekani, watu waliokulia kwenye magazeti yale yale yaliyopimwa.

Kilichonivutia mimi tangu nikiwa mwanafunzi ni kwamba hii nadharia ilikuja kupigwa kibao hapa hapa nyumbani. Kuna mwanaanthropolojia anaitwa Frank Marlowe aliyeishi na kufanya utafiti kwa miaka mingi na Wahadza wa bonde la Ziwa Eyasi, watu wanaoishi kwa kuwinda, kuchimba mizizi, kurina asali na kuokota ubuyu. Yeye na mwenzake Adam Wetsman waliwaonyesha wanaume wa Kihadza michoro ya aina ile ile, na majibu yao yaliyotoka mwaka 1999 na 2001 hayakufanana na ya Marekani hata kidogo. Mara ya kwanza Wahadza waliangalia unene tu, mwembamba hawakumtaka, kiuno hawakukijali. Mara ya pili wakachagua uwiano mkubwa zaidi, yaani kiuno kipana kuliko wanachopenda Wamarekani. Na ukifikiria unaona kwa nini, mwanamke wa Kihadza anatembea juani, anachimba mizizi kwenye ardhi ngumu, anabeba kuni na mtoto, na msimu ukiwa mbaya mafuta ya mwilini ndo akiba. Mwembamba mwenye kiuno cha nyigu pale hana akiba.

Ila hadithi haikuishia hapo, na hapa ndo pazuri, maana wengine wanaikatiza hapo wakasema "basi uzuri ni utamaduni tupu". Mwaka 2005 Marlowe na wenzake wakarudi na michoro iliyochorwa kwa ubavu badala ya mbele. Ghafla Wahadza wakachagua uwiano mdogo kuliko Wamarekani, yaani walikuwa wanaangalia makalio yanayotokeza nyuma, kitu ambacho mchoro wa mbele hauonyeshi. Kwa hiyo wana jicho la umbo kabisa, ila jicho lao limefundwa na miili ya wanawake wanaowaona kila siku. Naona hilo ndo jibu la kweli kwa swali lako la kwanza: kinachorithiwa ni tabia ya kusoma dalili za afya na uzazi, namba yenyewe inajifunzwa kutoka mazingira.

Na mazingira yakibadilika jicho nalo linabadilika, tena haraka. Kule Peru, Douglas Yu na Glenn Shepard walichapisha mwaka 1998 utafiti kwa Wamatsigenka wa msituni, wale waliojitenga zaidi walipenda mwanamke mnene mwenye kiuno kipana, na wale waliokuwa wamechanganyika na watu wa nje ladha yao ilishasogea kuelekea ya Magharibi. Mwaka 2006 Martin Tovée na wenzake wakalinganisha Wazulu wa KwaZulu-Natal, Waingereza, na Wazulu waliohamia Uingereza. Wa kijijini walipenda miili minene, na hapo kumbuka ilikuwa enzi ambayo wembamba ulihusishwa na UKIMWI, lakini waliohamia walikuwa wameshasogea kuelekea wenyeji wa Uingereza. Watu wale wale, damu ile ile. Hata njaa ya saa chache inagusa, Viren Swami na Tovée walionyesha kwamba wanaume wa Uingereza wakiulizwa wakiwa na njaa wanapenda mwanamke mnene kidogo kuliko wakiulizwa wameshiba. Namba ya milele ya maumbile ingeyumba kwa sababu ya chakula cha mchana?

Kabla sijafika kwenye umri kuna utafiti ambao jamaa kama huyo huwa wanaupenda sana, ule wa David Buss wa mwaka 1989, watu 10,047 kutoka nchi 33. Ni kweli ulionyesha kwamba karibu kila mahali wanaume walitoa uzito zaidi kwa sura kuliko wanawake, na wanawake walitoa uzito zaidi kwa uwezo wa kipato. Matokeo hayo yamesimama, mwaka 2020 yalirudiwa kwenye nchi 45 na watu 14,399 na picha ya jumla ikabaki ile ile. Mimi sikufichi hilo. Lakini ndani ya utafiti huo huo wa Buss watu waliambiwa wapange sifa kwa daraja, na wanaume kwa wanawake waliweka wema na uelewa, pamoja na akili, juu ya sura na juu ya pesa. Hicho kipande hukisikii kwenye klipu hata siku moja. Tofauti kati ya wanaume na wanawake ipo, ila ni tofauti kwenye vitu vilivyo chini ya orodha, juu kabisa wanafanana.

Na Marlowe alipowauliza Wahadza wanatafuta nini kwa mwenza, matokeo aliyotoa 2004, tabia ilikuwa muhimu kwa wote wawili, wanaume walitaka sana mwanamke mchapakazi, kitu ambacho wanafunzi wa vyuo vya Magharibi hawakitaji kiasi hicho, na wanawake walitaja sura karibu sawa na wanaume! Wanawake walitaka pia mwindaji mzuri na mwenye akili. Nakwambia haya kwa sababu Wahadza ni kati ya watu wachache waliobaki duniani wanaoishi maisha yanayokaribia yale ya mababu zetu wa zamani sana, na huyo jamaa kila dakika anasema "enzi za mapango".

Haya, umri. Kwa wastani wanaume kwenye utafiti wa Buss walitaka mke aliyewazidi udogo kwa miaka 2.66. Miaka miwili na nusu na ushee, ndo ule mtego mkubwa tunaotishiwa nao. Zambia ndo walikuwa juu kabisa, 7.38, na Finland haikufika hata mwaka mmoja. Ule utafiti wa 2020 uliona kwamba nchi ikiwa na usawa zaidi kati ya wanaume na wanawake, pengo la umri linapungua. Ni kweli pia kwamba mwanaume akizeeka anaelekea kutaka pengo kubwa zaidi, Douglas Kenrick na Richard Keefe walionyesha hilo mwaka 1992, na ni kweli uzazi wa mwanamke unapungua taratibu baada ya 30 na kwa kasi zaidi baada ya 35 hivi, kwa hiyo kama unataka watoto si suala la kupuuza, zungumza na daktari wa wanawake bila hofu. Lakini kupungua taratibu na kufungwa duka ni mambo mawili tofauti kabisa. Mwanaume wa 33 au 34 akifuata huo wastani anatafuta mtu wa umri wako.

Tena kwa sokwe, ndugu zetu wa karibu, ni kinyume. Martin Muller na wenzake walifuatilia sokwe wa Kanyawara, hifadhi ya Kibale kule Uganda, na mwaka 2006 wakaripoti kwamba madume yanapendelea majike yaliyokomaa, wazee kabisa, na mabinti hawagombaniwi. Kwa nini sisi tukawa tofauti? Maelezo yanayoniingia akilini ni kwamba sokwe dume hakai na jike, anapita tu, na jike la sokwe kwa kawaida halifikii ukomo wa hedhi katikati ya maisha kama sisi, basi jike lililowahi kuzaa na kulea ni dau la uhakika. Binadamu anaoa ili akae miaka mingi, ndo maana miaka iliyobaki ya uzazi inaingia kwenye hesabu. Kwa maneno mengine huo upendeleo wa ujana umetokana na sisi kuwa viumbe wa ndoa ndefu, na huyo jamaa wa klipu anautumia kuhubiri kwamba wanaume hawakuumbwa kutulia. Hapo anajipinga mwenyewe.

Sasa la tatu, wanawake maadui. Hili nakaa nalo zaidi maana ndo linalotuharibia zaidi. Kuna utafiti wa Canada, Tracy Vaillancourt na Aanchal Sharma, mwaka 2011. Waliwakalisha wasichana wawili wawili, halafu akaingia mwanamke mmoja mzuri, kwa wengine kavaa fulana na suruali ya kawaida, kwa wengine kavaa sketi fupi na nguo iliyobana, na kamera imefichwa. Alipoingia kawaida hakuna aliyejali. Alipoingia na sketi fupi wakamkagua juu mpaka chini, wakabinua midomo, na alipotoka wakamsema. Yeyote aliyewahi kukaa kwenye shughuli ya pwani hashangai. Sisi tumeufanya huo mchezo kuwa sanaa kamili, mipasho ya taarabu, kanga yenye maneno unayoivaa siku mke mwenza anapita, kutunza kwa kumnyooshea mtu noti huku macho yako kwa mbaya wako. Marehemu Anne Campbell, mtafiti Mwingereza, alieleza kwa nini wanawake tunagombana kwa maneno kuliko ngumi: mama akiumia au akifa mtoto yuko hatarini zaidi kuliko baba akifa, kwa hiyo kwa vizazi vingi mwanamke aliyejilinda ndo aliyeacha wajukuu. Ushindani ukawepo, ila ukavaa kanga.

Lakini swali la maana ni lini ushindani unakuwa mkali na lini unapoa, maana haukai kiwango kimoja. Monique Borgerhoff Mulder alifanya utafiti kwa Wakipsigis wa Kenya, akaangalia wafugaji waliohamia eneo la Abosi kuanzia miaka ya 1930, na akakuta wanawake na familia zao walielekea kwa mwanaume ambaye ardhi yake ikigawanywa kwa wake alionao na huyo anayekuja bado kila mmoja atapata kipande kikubwa. Yaani kama maisha yako yote yanategemea shamba la mume, ni lazima upigane kumpata mwenye shamba. Miaka mingi baadaye huyo huyo akaenda kwa Wapimbwe wa Katavi, ambako ndoa zinavunjika na kufungwa tena kwa urahisi na wanawake wana shughuli zao, na akakuta, kinyume na vitabu vilivyotarajia, ni wanawake walioolewa mara kadhaa ndo walionufaika kwa idadi ya watoto waliokua, kwa wanaume kuoa oa hakukuwasaidia. Nampenda sana huyu mama kwa kazi hizi mbili, maana ukiziweka pamoja unaona mwanamke anabadilisha mbinu kulingana na nani ameshika chakula.

Na ukitaka kuona ya leo, Khandis Blake na wenzake mwaka 2018 walichambua maelfu ya selfie za kuonyesha mwili kutoka nchi 113. Wengi tungetegemea zitakuwa nyingi pale wanawake wanapokandamizwa. Hapana, zilikuwa nyingi pale ambapo pengo la tajiri na maskini ni kubwa. Pengo likiwa kubwa, kuolewa juu au chini kunabadilisha maisha yote, basi kujionyesha kunakuwa uwekezaji. Mwanamke anayehangaika na hips na mkorogo kwenye jiji lenye pengo kama hilo si mjinga na hajalaaniwa na asili, anasoma soko lililoko mbele yake. Ninachosikitikia ni kwamba wauza vidonge nao wanalisoma.

Halafu kuna upande ambao klipu haiwezi kuusema. Kristen Hawkes na wenzake, huko huko kwa Wahadza, waliona kwamba mama akijifungua anapunguza kuchimba mizizi, na yule mtoto mkubwa aliyeachishwa ziwa anategemea kazi ya bibi ili aendelee kuongezeka uzito. Bibi aliyemaliza kuzaa kabisa, ambaye kwa hesabu za jamaa wa klipu "hana soko", ndo anashikilia uhai wa wajukuu. Kuna wanasayansi, na mimi nimo, tunaoamini ushirikiano wa wanawake katika kulea ni sehemu kubwa ya sababu binadamu tumefika hapa tulipo. Wanawake wanaochimba pamoja, wanaobebeana watoto, na leo wanaochangiana kwenye vikoba na kulala hospitali na mzazi. Huo nao ni asili, tena ya zamani.

Mwisho, yule binti na status. Kuna mtafiti mwingine wa Canada, Maryanne Fisher, amechunguza hasa hiki unachofanya, kumponda mwanamke mwenzako ili aonekane hafai. Maneno yanaweza kumshusha anayesemwa, ndio, hasa yakitoka kwa mwanamke mzuri. Ila walipowauliza watu wanamwonaje msemaji mwenyewe, uzuri wake wa sura haukupungua, kilichopungua ni wema, kuaminika, na kama wangemtaka awe mwenza wao. Sasa kumbuka ile orodha ya nchi 33 nini kilikuwa juu. Wanaosoma status zako si yeye tu, ni ndugu, wafanyakazi wenzako, marafiki wa kaka zako, na kati yao yumo ambaye hajakuambia kitu bado. Mchumba wako aliondoka kwa uamuzi wake, yule binti wa 23 hakukuahidi chochote, na huwenda hata hakuambiwa kwamba wewe ulikuwepo. Zifute leo jioni, na vile vidonge vipeleke hospitali kesho asubuhi.